Mimea ya kuvumilia ukame ichaguliwe kwa hesabu, si kwa mazoea

Kila ifikapo Novemba, wakazi wa mikoa ya kati huanza kuangalia mawingu. Ni wakati huo ambapo wenye nyumba wengi katika Jiji la Dodoma hukumbuka bustani zao na kwenda kwa wauza miche walioko kando ya barabara. Nyumba mpya zimeongezeka kwa kasi tangu Serikali ilipoanza kuhamia huko mwaka 2016, na mwezi Desemba 2017 ilizinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani. Nia ni njema na inastahili kuungwa mkono na kila mwananchi.

Hata hivyo, bustani nyingi zinazoanzishwa kwa mbwembwe wakati wa mvua hazifiki mbali. Ukoka uliotandikwa Januari huwa wa kahawia ifikapo Agosti, na maua yaliyonunuliwa kwa bei kubwa hubaki vijiti. Mwenye nyumba hulaumu udongo, mtunza bustani au mamlaka ya maji. Mara chache hujiuliza kama alichokipanda kilifaa kupandwa mahali hapo.

Ukweli ni kwamba Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita zipatazo 570 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kwa takriban miezi saba iliyobaki hakuna mvua ya maana, jua ni kali na upepo haukomi. Hali hiyo haitofautiani sana na ya Singida, Shinyanga au Same mkoani Kilimanjaro. Bustani yoyote katika maeneo hayo inahukumiwa kiangazi, si wakati wa masika.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ukoka unaotakiwa kubaki kijani wakati wa kiangazi huhitaji maji yapatayo lita tano kwa kila mita ya mraba kwa siku. Bustani ndogo ya mita za mraba 50 itahitaji lita 250 kila siku, yaani zaidi ya ndoo 12 za lita 20. Kwa siku 210 za kiangazi hizo ni lita 52,500, au uniti 52 na nusu za maji. Kila mmoja anaweza kuzidisha kwa bei ya uniti anayolipa, au kwa bei ya boza pale mabomba yanapokauka.

Eneo lile lile likipandwa mimea ya kudumu yenye majani au mashina manene yanayohifadhi maji, linaweza kutunzwa kwa lita 10 kwa kila mita ya mraba mara moja kila wiki mbili, na mara nyingi hata kwa pungufu ya hapo. Kwa kiangazi kizima hizo ni lita 7,500. Tofauti ni lita 45,000 kwa kaya moja. Katika mji unaotegemea kwa sehemu kubwa visima vya Makutupora na Mzakwe, maji hayo yangeweza kuwafaa majirani kwa kupikia na kufulia.

Siri ya mimea hiyo iko katika maumbile yake. Mimea ya kawaida hufungua vitundu vidogo vya majani mchana ili kuvuta hewa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi juani. Mshubiri, mkonge, mpungate na jamaa zake hufungua vitundu hivyo usiku, wakati hewa imepoa. Huvuta hewa na kuiweka akiba ndani ya majani, kisha mchana huitumia kutengeneza chakula vitundu vikiwa vimefungwa. Mvua ikinyesha, mizizi yake iliyo karibu na uso wa ardhi hufyonza maji haraka na kuyajaza kwenye majani au shina.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa kupanda mimea ya aina hii katika maeneo makavu ni sahihi na umechelewa. Lakini hapa ndipo penye jambo ambalo wauza miche wengi hawalisemi na wanunuzi wengi hawaliulizi. Ile sifa inayoufanya mmea usife bustanini ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuufanya usife utakapotoroka kwenda malishoni. Mmea usiohitaji mtu wa kuumwagilia hauhitaji pia mtu wa kuupanda.

Mfano wa karibu uko Laikipia, nchini Kenya. Inasimuliwa kwamba katika enzi za ukoloni, mpungate aina ya Opuntia stricta, ambao asili yake ni Amerika, ulipandwa karibu na Doldol kwa ajili ya ua na mapambo. Kwa miaka mingi ulikaa kimya. Leo umetapakaa katika maelfu ya hekta za ardhi ya malisho. Ndovu na nyani hula matunda yake na kusambaza mbegu kwa kinyesi. Kipande cha shina kikianguka chini au kikinasa kwenye mguu wa mnyama, huota mizizi pale kinapotua.

Wafugaji ndio wanaolipa gharama. Matunda ya mpungate huo yana vimiba vidogo kama nywele. Mbuzi, kondoo na ng'ombe wakiyala wakati wa njaa, vimiba hivyo huwaumiza midomo, ulimi na utumbo, na vingine huwaingia machoni wakapofuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa karibu nusu ya kaya zilizohojiwa Laikipia zilikadiria hasara ya kati ya dola 500 na 1,000 za Marekani kwa mwaka kutokana na mmea huo. Kwa familia inayotegemea mifugo michache, hiyo ni ada ya shule na chakula cha miezi kadhaa.

Tanzania haiko mbali na balaa hilo. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 katika ikolojia ya Serengeti na Maasai Mara ulikuta aina 245 za mimea ya kigeni. Kati ya hizo, 212 ziliingizwa na watu kwa makusudi, nyingi zikiwa za mapambo, na aina 51 kati ya hizo 212 zilikuwa zimekwisha kuota zenyewe porini. Mpungate wa Laikipia ulitajwa miongoni mwa mimea inayotishia zaidi eneo hilo. Kwa maneno mengine, tishio kwa mbuga yenye sifa duniani kote lilianzia kwa sehemu kubwa kwenye vitanda vya maua.

Wanaodhani kwamba mambo haya yanatiwa chumvi wakumbuke yaliyotokea Australia. Ilipofika mwaka 1925, mipungate iliyopelekwa huko na wahamiaji ilikuwa imefunika takriban hekta milioni 24 na familia nyingi za wakulima zilikuwa zimekimbia mashamba yao. Iliokolewa na kiwavi wa nondo aliyeletwa kutoka Argentina. Laikipia nako wadudu maalumu wanaofyonza mpungate wameachiwa katika miaka ya karibuni na wameleta matumaini, lakini kazi hiyo ni ya miaka mingi na gharama yake ni kubwa kuliko ile ya kuzuia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ikumbukwe kwamba nguvu hii ya kuzaliana si ubaya wakati wote. Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo michache Tanganyika ilipata zao lililokuja kuwa la kwanza kwa kuuzwa nje, na mwaka 1964 uzalishaji ulifikia takriban tani 230,000. Mkonge ulikuwa shambani, ukiwa na mwenyewe, ukikatwa na kuhesabiwa. Mmea wenye uwezo kama huo ukiachwa bila mwenyewe, matokeo yake ni mengine.

Kwa mantiki hiyo, anayechagua mimea ya kudumu ya bustani katika eneo kavu anapaswa kuuliza maswali manne kabla ya kutoa fedha. Mmea huu asili yake ni wapi? Unazaliana kwa njia gani? Una sumu au miiba ya kudhuru watoto na mifugo? Na je, unafaa kwa baridi, joto na udongo wa mahali hapa? Mwuza miche asiyeweza kujibu hata mawili kati ya maswali hayo hastahili kuaminiwa.

Tukianza na mshubiri, ambao wengi huuita alovera, huu ni chaguo salama kwa anayeanza. Asili yake ni milima ya Oman na jirani zake. Huzaliana zaidi kwa vichipukizi vinavyoota ubavuni mwa mama, hivyo ni rahisi kuudhibiti. Hauna haja ya mbolea nyingi, na vichipukizi vyake vinaweza kugawiwa kwa majirani baada ya mwaka mmoja au miwili.

Pamoja na huo ipo mishubiri ya asili ya Afrika Mashariki ambayo haithaminiwi ipasavyo. Aloe secundiflora, wenye majani mapana na maua mekundu yanayowavutia chozi, huota wenyewe katika nyika za kaskazini na katikati ya nchi. Wafugaji wengi wa kuku hukatakata majani yake na kuyaweka kwenye maji ya kunywa wakati wa mdondo. Jambo hilo lisimfanye mtu aache chanjo ya matone ya macho, kwani kinga ya uhakika ya ugonjwa huo ni chanjo.

Mkonge pori, ambao wataalamu waliuita Sansevieria kwa muda mrefu na sasa wanauweka katika jamii ya Dracaena, nao ni wa hapa hapa. Husimama wima, hauchukui nafasi, huvumilia kivuli na hustahimili kusahauliwa. Unafaa kwenye vijia, kando ya ukuta na hata ndani ya nyumba kwenye chungu. Kwa ofisi za umma zisizo na mtunza bustani wa kudumu, ni vigumu kupata mmea bora kuliko huu.

Kwa anayetaka maua ya kuvutia macho, Adenium obesum, ule mti mfupi wenye shina lililovimba na maua ya waridi, ni wa asili ya nyika za Afrika Mashariki na hupendwa sana na wanunuzi. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi, na wengi hudhani umekufa wakauzidishia maji hadi ukaoza. Maji yake yana sumu kali. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi hutumia jamaa za mti huo kutengeneza sumu ya mishale. Nyumba yenye watoto wadogo iuweke mbali na mikono yao.

Kwa ua, mnyaa una historia ndefu. Wasukuma na Wagogo wameutumia kuzungushia miji na mazizi kwa vizazi vingi, na jina la Ziwa Manyara linahusishwa na neno la Kimaasai linaloutaja mmea huo. Huota kwa kipande kilichochomekwa ardhini na mbuzi hawaugusi. Tatizo lake ni utomvu mweupe unaoweza kumfanya mtu asione kwa siku kadhaa ukimwingia jichoni. Anayeukata avae miwani na kunawa mikono, na usipandwe kwenye viwanja vya shule za awali.

Mkonge wa kawaida haufai kwa kiwanja kidogo. Ukikomaa huchukua upana wa mita mbili au zaidi, na ncha za majani yake ziko sawa na macho ya mtoto. Baada ya miaka kadhaa hutoa mlingoti mmoja mrefu, huangusha vichipukizi kwa mamia au zaidi, kisha hufa. Asiye na nafasi wala muda wa kuviokota vichipukizi hivyo atajikuta ana shamba asilolipanga.

Ipo pia mimea ambayo haina sababu ya kuingizwa bustanini kabisa. Wa kwanza ni mipungate yenye matunda na vimiba, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Wa pili ni Kalanchoe delagoensis kutoka Madagaska, ule mmea mwembamba wenye madoadoa ambao ncha za majani yake huzaa vimche vidogo vingi. Watu hugawiana kama zawadi kwa kuwa haufi. Kila kimche kinachoanguka huota, na mmea mzima una sumu inayoathiri moyo wa ng'ombe. Kwa mkoa wa wafugaji kama Dodoma, huo si mmea wa kuchekea.

Neno "kuvumilia" nalo linahitaji kufafanuliwa. Mmea unaovumilia ukame wa Dodoma si lazima uvumilie baridi ya Njombe au Makete, ambako Juni na Julai huja na sakitu. Adenium ikipelekwa huko huoza shina. Wakazi wa nyanda za juu wachague mishubiri ya milimani na mimea waliyoiona ikivuka angalau majira mawili ya baridi kwa jirani, badala ya kununua kwa kuvutiwa na ua lililofunguka siku hiyo.

Kuhusu upandaji, makosa makubwa ni mawili. La kwanza ni kupanda kwenye udongo unaotuamisha maji. Udongo mwekundu wa kichanga wa Dodoma unafaa, lakini mfinyanzi mweusi wa mbugani hautafaa bila kuinua tuta na kuchanganya mchanga mwingi na kokoto. La pili ni kuchomeka kipande kibichi siku kilipokatwa. Kipande chenye maji kiachwe kivulini siku tatu hadi saba ili jeraha likauke, kisha kipandwe na kisimwagiliwe kwa wiki nzima ya kwanza. Mimea hii hufa kwa maji mengi mara nyingi zaidi kuliko kwa kiu.

Mabaki yanayotokana na kupogoa nayo yana utaratibu wake. Kutupa vipande vya mpungate au mkonge kwenye korongo au jalala la wazi ni sawa na kuvipanda, kwani mvua ya kwanza huvisukuma hadi malishoni. Vipande hivyo vianikwe juu ya sakafu ya saruji hadi vikauke kabisa, kisha vichomwe, au vifukiwe kwenye shimo refu.

Yako pia masuala ya biashara. Kadiri wanunuzi wanavyoongezeka, ndivyo tamaa ya kung'oa mishubiri na adenium porini na kuileta mjini inavyokua. Miti hiyo hukua polepole, na kilima kilichong'olewa leo hakitajaa tena kwa miaka mingi. Kenya ililiona hilo mapema, na mwaka 1986 Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri pori. Biashara iliendelea kwa kificho hadi kanuni za kuisimamia zilipotungwa mwaka 2007. Somo lililopatikana ni kwamba marufuku pekee haitoshi, na kwamba vitalu vinavyozalisha miche kwa halali ndiyo njia ya kuondoa faida ya wizi wa porini.

Aidha, mkataba wa kimataifa wa CITES unasimamia biashara ya nje ya aina zote za mishubiri isipokuwa alovera ya kawaida. Kijana anayeota kuuza miche Ulaya kwa njia ya posta ajue kwamba bila kibali mzigo wake utakamatwa. Soko la ndani, la nyumba, hoteli na ofisi za mikoa kavu, lipo karibu zaidi na halihitaji karatasi nyingi. Mtaji wake ni mimea mama michache, kivuli cha nyavu, mifuko ya plastiki ya miche na subira ya mwaka mmoja.

Wakati umefika kwa kila mhusika kutimiza wajibu wake. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, inayo nguvu ya kudhibiti mimea inayoingia nchini. Itakuwa vyema iwafikie pia wauza miche wa barabarani kwa orodha fupi yenye picha, ikionyesha mimea ya kuepuka na ile inayopendekezwa. Mtu anayeuza miche mia kwa wiki anaweza kuwa mlinzi au mharibifu wa malisho ya wilaya nzima, na mara nyingi hajui yuko upande gani.

Halmashauri na taasisi za umma nazo zianze na viwanja vyake. Haileti maana kuhimiza wananchi watunze maji huku ukoka wa ofisi ukimwagiliwa saa saba mchana, au kuwaonya wafugaji kuhusu mpungate huku umepandwa kwenye lango la ofisi. Zabuni za bustani zitaje aina za mimea kwa majina, na mzabuni aulizwe gharama ya maji ya miaka mitatu, si bei ya kupanda tu.

Mwenye nyumba naye asisubiri tamko la Serikali. Anaweza kutembea bustanini kwake leo, akautambua kila mmea, akang'oa wenye madhara kabla haujazaa, na mvua zikianza akapanda wa asili unaovumilia. Gharama yake ni jasho la siku moja. Mfugaji wa kijiji cha jirani ndiye atakayeokolewa na kazi hiyo, ingawa pengine hatajua kamwe nani wa kumshukuru.

Laikipia hakukuwa na mtu aliyekusudia kuwaumiza mbuzi wa jirani. Kulikuwa na mtu aliyetaka ua zuri lisilohitaji maji, na waliopata hasara ni wengine waliokuja baadaye. Kwa Watanzania, ambao mfano huo wanao mlangoni, kisingizio cha kutojua hakipo tena. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.